Kahawa Niliyoizoa Barabarani

Sehemu ya nne

Dada mmoja wa Muleba alipiga simu gazetini baada ya sehemu iliyopita. Alisema mwanamke kama mimi hafai kuhurumiwa, na mhariri akanisomea maneno yake yote bila kuruka hata moja. Namjibu hapa hapa. Sijaomba huruma, dada yangu. Anayetaka kuhurumiwa hasimulii mambo yake gazetini akataja na jina.

Kwa anayenikuta leo, jina lenyewe ni Kemigisha. Kwetu Kimuli, wilaya ya Kyerwa, maana yake ni mwenye baraka. Cheka tu, mimi nilishacheka nikamaliza.

Mume wangu ni Novatus, mzee wa kanisa, mtu anayeazima jembe na kulirudisha limeoshwa. Mimi kazi yangu ni akamwani, ile kahawa ya kutafuna. Naichuma ikiwa bado kijani, naichemsha na majani ya kunukia, naianika, naiuza. Hakuna nyumba huku kwetu inayompokea mgeni bila kumpa kahawa, kwa hiyo wateja sikosi.

Siku ya ajali palikuwa na harusi ya watu walioagiza kahawa yangu, na mvua ilikuwa inanukia. Nikatandika turubai juu ya lami, kwenye kona iliyo chini ya nyumba yetu, nikamwaga kahawa nikaitawanya. Lami ikishika joto hukausha kahawa kuliko uwanja wowote. Mtendaji wa kata alikuwa ametukataza mpaka amechoka. Novatus naye alinikataza. Nikamwambia kama anaogopa magari, anipe mimi suruali yake avae gauni langu. Akachukua reki akashuka kwenda kuigeuza ile kahawa.

Fuso likatokea konani. Dereva alilikwepa turubai, lakini pembe ya gari ikampata Novatus mguuni, taa ya pembeni ikapasuka vipande, gari likaishia mtaroni. Dereva ni kijana, anaitwa Lameck. Aliruka chini, akavua shati lake, akaukaza mguu wa mume wangu nalo. Akaniita, "Mama, leta kitambaa. Leta kitambaa chochote."

Mimi nilikuwa nazoa kahawa.

Sikuwa na hila yoyote wakati ule. Niamini au usiniamini. Mikono ilizoa yenyewe, kama inavyozoa kila mvua inapokuja. Nilikunja turubai, nikaiokota na ile reki, nikavificha nyuma ya migomba, nikarudi na kanga. Nikamkuta Lameck ameshasimamisha pikapu na kumpakia mume wangu. Alikwenda naye mpaka hospitali ya Nyakahanga akiwa kifua wazi.

Hila ilikuja baadaye, askari wa usalama barabarani walipofika wakakuta lami tupu na mwanamke analia. Waliuliza Novatus alikuwa anafanya nini. Nikasema alikuwa anapita zake pembeni, anakwenda kwa jirani yetu Cleophace. Sentensi moja tu. Nimeilisha na kuinywesha tangu siku hiyo, sasa ni kubwa kunizidi.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari alisema aliyeufunga kwa shati ndiye aliyemwokoa Novatus asife njiani. Huyo huyo ameshtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe. Leseni wamechukua, tajiri wake amemfukuza kazi. Anaapa palikuwa na turubai barabarani, na hakuna anayemsadiki, kwa sababu mke wa mgonjwa alikuwepo na amesema halikuwepo.

Sasa twende.

*

Wakili wetu ni Rwegoshora, ana ofisi Omurushaka. Alinipigia simu nikiwa shambani.

"Mama Vero, kesho anakuja mkaguzi wa bima. Anaitwa Egbert, anatoka Bukoba. Akiondoka kwenu ameridhika, mzee anapata fidia na mguu wa bandia. Hakuna kwenda mahakamani."

"Asiporidhika?"

"Mahakamani hakimu anaweza kugawa kosa. Huyu kidogo, yule kidogo. Lakini hawa wa bima mezani kwao hawagawi. Wanalipa pale tu dereva wao anapokuwa na kosa lote. Wakikuta kosa upande wenu, hata dogo kama ukucha, wanafunga faili na kukwambia nenda kashtaki. Na kushtaki utazeeka, mama. Mzee wako atazeeka akiwa na magongo."

"Nimeelewa."

"Basi mseme lugha moja, wewe na mzee."

Lugha moja. Nilirudi nyumbani naisemea moyoni kama mtoto anayekwenda kusoma shairi shuleni.

Novatus tulikuwa tumemtandikia kitanda sebuleni, maana chumbani magongo hayapiti. Tangu azinduke Nyakahanga alikuwa anasema hakumbuki kitu cha siku ile. Daktari alisema hutokea. Mimi nilimshukuru Mungu kwa kusahau kwake. Nimesali sala nyingi maishani, ile ndiyo ninayoionea aibu.

"Mkaguzi anakuja kesho," nikamwambia.

"Nitamwambia nini?"

"Ulivyopita."

"Nilikuwa nakwenda wapi vile?"

"Kwa Cleophace."

"Kufanya nini?"

Swali hilo lilikuwa jipya. "Kuazima kitu," nikasema.

"Kitu gani?"

"Baba Vero, utaulizwa wewe au nitaulizwa mimi?"

Aliniangalia kidogo, akaliangalia lile goti lake lililofungwa suruali kwa fundo. "Haya," akasema. "Kama ndivyo unavyosema, nami nitasema hivyo."

Nilifurahi. Nitawaficha nini tena? Nilifurahi kabisa.

*

Alasiri bodaboda ikasimama uani. Akashuka mama mmoja wa makamo, mwembamba, kanga mbili, viatu ameshika mkononi. Nyuma ya pikipiki palikuwa na mkungu wa matoke na kuku amefungwa miguu.

"Hodi, waitu, hodi wenyewe."

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hapa ndipo kwa Novatus aliyepata ajali?"

"Ndipo."

"Mimi naitwa Nikuze. Nimetoka Rugu. Lameck ni mwanangu."

Nilifikiri amekuja kunitukana, na moyoni nikamwomba anitukane, maana mtu akinitukana najua la kujibu. Hakunitukana. Aliinama mlangoni, akaingia, akapiga magoti mbele ya kitanda cha Novatus.

"Pole, baba. Nilitakiwa kuja siku nyingi. Aibu ndiyo iliyonizuia. Mtu atasema nini kwa nyumba ambayo mwanawe ameiumiza?"

"Inuka, mama," Novatus akasema. "Mwanao alinifunga mguu. Asingekuwa yeye ungenikuta kaburini."

"Wewe umejuaje kama ni yeye?" nikauliza haraka.

"Si daktari alisema," akajibu.

Kweli, daktari alisema. Nikatulia.

Nikuze akaketi kwenye jamvi ingawa viti vilikuwepo. Akanigeukia.

"Mwanangu, sikuja kuwaomba mfute kesi. Mdai haki yenu, mguu hauoti tena. Nimekuja na neno moja tu, na ni la kwako wewe."

"Lipi, mama?"

"Lameck anasema palikuwa na turubai barabarani. Mimi nimemlea, uongo wake naujua. Akidanganya hushika sikio. Hili la turubai analisema mikono ikiwa magotini. Lakini mzazi hupofuka kwa mtoto wake. Na wewe ulikuwepo, na ni mke wa mzee wa kanisa." Akasogea karibu nami. "Watu wameniambia akikubali kosa mapema hakimu atampunguzia. Akishupaa na hilo turubai, wataona anadanganya na atafungwa zaidi. Hamsikii mtu mwingine, ananisikia mimi. Kwa hiyo niambie. Lilikuwepo? Ukiniambia halikuwepo, nakwenda kumwambia akubali."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mkaguzi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hakimu. Mama mtu ameketi chini kwangu, ananikabidhi mwanawe kwa mikono miwili, kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Nilimwangalia Novatus. Alikuwa amefumba macho. Niliufikiria mguu wa bandia. Nilimfikiria akitembea tena kwenda kanisani bila kubebwa kwenye baiskeli kama gunia. Nilimfikiria akijua kwamba maneno yangu ya suruali na gauni ndiyo yaliyompeleka barabarani, na kwamba nililala naye nyumba moja nikijua.

"Halikuwepo, mama," nikasema.

Nikuze akatikisa kichwa polepole. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la kanga.

"Basi nimeamini. Nitamwambia akubali."

Kuku alikuwa anapapatika uani. Nilitamani ainuke aende zake kabla sijapasuka.

Ndipo Novatus akafumbua macho. "Mama Vero, mgeni ametoka Rugu mpaka hapa hajapata kahawa."

"Imekwisha," nikasema.

"Ipo ile ya chunguni."

"Chungu gani?"

"Kile ulichokiweka darini." Akaonyesha juu kwa kidevu. "Nimelala chali chini yake siku zote hizi, nitaachaje kukiona?"

Hapa wale wa huku kwetu wamenielewa. Ile kahawa ya barabarani sikuiuza. Wala sikuitupa, kahawa haitupwi. Harusi ilipita bila kahawa yangu, nami nikaifungia kwenye chungu na kukipandisha darini, niishi nayo kichwani. Na sasa mume wangu, mbele ya mgeni, anasema ishushwe. Ungekuwa wewe ungesema nini? Kwetu Wanyambo, mke anayemnyima mgeni kahawa mbele ya mumewe bora amfukuze kwa mawe.

Nilipanda kwenye stuli, nikakishusha, nikatia kahawa kwenye kile kikapu kidogo cha wageni chenye kifuniko. Kwetu mwenye nyumba hutafuna kwanza, ili mgeni ajue haina sumu. Nikachukua punje, nikatafuna. Haikuwa na ladha, au mimi ndiye sikuwa na ulimi.

Nikampa Nikuze kwa mikono miwili. Akachota tatu nne, akashukuru, akatia mdomoni.

Nikasikia kitu kikilia kwenye meno yake.

Aliacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kitu, akakifuta kwenye kanga. Kilikuwa na damu kidogo, kilikuwa kimemchoma ufizi. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

Kipande cha plastiki. Chembamba, cha rangi ya chungwa, chenye vimistari.

Nilikijua kabla hajakigeuza upande wa pili. Ile taa ya pembeni ya Fuso ilipopasuka vipande viliruka kila upande, na mimi nilizoa kwa mikono yote miwili bila kuchagua.

"Kahawa yako tamu, mwanangu," Nikuze akasema. "Umeianika wapi?"

"Uani."

"Uani hapa?"

"Hapa hapa uani."

Alifungua fundo la kanga alimokuwa amefungia nauli, akakitia mle, akalifunga tena kwa meno. Kisha akachota kahawa nyingine, akatafuna taratibu huku akiniangalia, kama mtu mwenye muda mwingi.

*

Mvua ikanyesha. Mgeni wa mvua haondoki, kwa hiyo Nikuze alilala chumba cha binti yetu Vero, ambaye yuko shule ya bweni. Usiku ule siusemi. Wenye dhambi wenzangu wanajua usiku wa namna hiyo unavyopita.

Asubuhi nilipotoka nje nikakuta uwanja umefagiwa, na vitambaa vya kufungia kidonda cha Novatus vimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba. Nikuze alikuwa anamenya matoke.

"Mama, wewe ni mgeni. Acha."

"Mgonjwa ni wa wote," akasema. "Ukimaliza, nionyeshe pale mahali."

"Mahali gani?"

"Alipogongwa. Nataka nipaone kabla sijakwenda kwa mwanangu."

Ningekataaje? Jua lilipopanda tukashuka mpaka konani. Magari yalikuwa machache. Nilimwonyesha mtaro ambao Fuso liliingia, bado ukingo ulikuwa umebomoka. Alitazama juu, akatazama chini, kisha akainama akaweka kiganja chake juu ya lami. Akakiacha pale.

"Inashika moto upesi hii," akasema.

"Ndiyo."

"Kwetu Rugu wako wanaoanika juu ya barabara. Nami nimeanika, nisikudanganye. Mtu una haraka, mvua hiyo, unasema dakika chache tu." Akasimama, akajipangusa. "Mtu akiniambia amefanya hivyo siwezi kumhukumu. Ningeanzia wapi?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Alikuwa ameufungua wote, na amesimama pembeni nipite. Nakumbuka mpaka rangi ya kanga yake. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno.

"Kwa hiyo, mwanangu," akasema, "niende nikamwambie akubali kosa?"

Ukafika mlio wa gari. Gari dogo jeupe likakata kona polepole likasimama karibu yetu, na kijana mwenye miwani akatoa kichwa dirishani.

"Samahani, akina mama. Nyumbani kwa mzee Novatus ni hapa?"

Mkaguzi alikuwa ameshafika. Nikaona mguu wa bandia, nikaona kiatu chake kabisa, cheusi, kimepigwa rangi.

"Mwambie akubali," nikamwambia Nikuze.

*

Egbert alikuwa mtu mpole. Ningependa kuwaambia alikuwa katili, ingenisaidia. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Novatus shikamoo, akampa pole ndefu, akauliza habari za kidonda na kama usiku anaumwa. Nikuze alijiketia kwenye jamvi lake kwenye kona. Egbert alidhani ni ndugu wa nyumbani, akamwamkia pia, na hakuna aliyemsahihisha.

Kikapu cha kahawa kilikuwa bado mezani. Sikuwa nimethubutu kukigusa. Egbert akafunua kifuniko mwenyewe, akachota, akatafuna, akasema haijambo. Mimi nilikuwa nahesabu meno yake.

"Mzee," akasema, "sitakuchosha. Maelezo ya mama ninayo, ya dereva ninayo, ya askari ninayo. Nilitaka kukusikia wewe. Nikitoka hapa nikiwa na hakika kwamba kosa lote ni la dereva, naandika mlipwe. Nikiwa na shaka kwamba kuna kosa la kwako, au la mtu wa nyumbani kwako, sitaandika. Si roho mbaya, ndiyo kazi waliyonipa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Naambiwa hukumbuki."

"Nakumbuka kidogo," Novatus akasema.

Niligeuka. Hilo hatukulipanga. Hakuwahi kuniambia anakumbuka kidogo.

"Vizuri," Egbert akasema, akafungua kalamu. "Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwa Cleophace."

"Kwa shughuli gani?"

"Kuazima kitu."

"Ukipita upande gani?"

"Pembeni."

Alikuwa anasema lugha yangu, neno kwa neno, sauti yake ikiwa nzito kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Niliwahi kumwona Novatus akirudi dukani Nkwenda kwa miguu kwa sababu mwenye duka alimzidishia chenji. Na huyo ndiye aliyekuwa anadanganya kwa ajili yangu, huku mikono yake imeshika shuka. Nilitaka kumziba mdomo. Nilitaka aendelee. Vyote viwili nilivitaka.

"Dereva anasema barabarani palikuwa na turubai," Egbert akasema. "Anasema ndilo alilokuwa analikwepa. Askari hawakulikuta. Mama amesema halikuwepo. Wewe unasemaje?"

Novatus alimwangalia Nikuze pale kwenye jamvi. Alimwangalia muda mrefu, na Nikuze naye hakuinamisha macho.

"Hapakuwa na turubai," Novatus akasema.

Kalamu ikaandika.

"Hapakuwa na kahawa."

Kalamu ikaandika tena, polepole zaidi.

"Wala sikuwa na reki."

Kalamu ikasimama.

Reki sikuwahi kumtajia mtu. Askari hawakuisikia, wala wakili. Lameck hakuitaja kokote. Reki tuliijua wawili tu, mimi niliyeiokota na mtu aliyekuwa ameishika. Kama Novatus aliikumbuka reki, basi alikumbuka vyote. Alikumbuka suruali na gauni. Alikumbuka sauti ya Lameck ikiniita nilete kitambaa, na alikumbuka mikono yangu ilikuwa wapi.

Alikuwa anajua tangu Nyakahanga. Kila nilipomwambia kwa Cleophace, alikuwa ananisikiliza na anajua.

"Mzee," Egbert akasema kwa upole ule ule, "dereva ametaja turubai peke yake. Kahawa hakuitaja. Reki imetoka wapi?"

"Muulize Mama Vero," mume wangu akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonikata. "Mimi nilikuwa chini, namwangalia."

Egbert akanigeukia na kufungua ukurasa mpya.

Nikuze aliinuka kwenye jamvi, akalifungua fundo la kanga yake, akakiweka kile kipande cha taa mezani, kati ya kalamu na kikapu changu cha kahawa. Kisha akarudi kuketi, akaweka mikono magotini, akaningoja.